Tulicheza Wapi: shajara ya kuandaa maonyesho ya picha kuhusu utoto na vita, Kigoma

Naweka hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake, ili mwenzangu anayetaka kufanya kazi kama hii asianze pale nilipoanzia mimi. Yaliyokwenda vizuri nitayapitia haraka. Yaliyoharibika nitayaeleza kwa kirefu, maana ndiyo yaliyonifundisha.

12 Oktoba 2024. Wazo, na orodha ya kwanza

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka saba, tunakaa Ujiji. Mashua zilivuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka upande wa Uvira na Baraka, huko Kongo, na asubuhi tukakuta watoto wageni wamekaa kwenye mchanga tuliozoea kuchezea. Siku ya pili tulikuwa nao kwenye mpira wa makaratasi. Picha zote nilizowahi kuona za mwaka ule ni za foleni, mablanketi na mahema. Ya mchezo sijaiona hata moja. Nataka kuitengeneza, kwa kuwapiga picha watu wazima waliokuwa watoto vitani, na vitu walivyochezea.

Mpango: picha 24 za A2 (sentimita 42 kwa 59.4), ukumbi wa kukodi hapa mjini, kufungua Jumamosi ya 14 Juni 2025, siku mbili kabla ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Bajeti ni shilingi 3,000,000, nusu akiba yangu, nusu mchango wa marafiki.

Rika ni tatu. La kwanza ni waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo, mkoani Katavi, na Ulyankulu, Tabora. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa kundi hilo, kwa hiyo leo ni Watanzania wenzetu wenye wajukuu. La pili ni la vita vya Kongo vya 1996 na 1998. La tatu ni waliotoka Burundi mwaka 2015 wakiwa watoto na sasa wamevuka miaka 18. Kupiga picha ndani ya kambi kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, nami nimeamua kutokuomba. Nitafanya kazi na watu wazima walio nje ya kambi.

Kosa la kwanza limetokea wiki hii hii. Niliuliza watu wanaonifahamu: "Unamjua mtu aliyekuwa askari mtoto?" Nimepata majina tisa. Yote ya wanaume.

3 Novemba 2024. Swali limebadilika, na jina pia

Ile orodha ilinikosesha usingizi. Nikarudi kwenye Kanuni za Paris za mwaka 2007, mwongozo wa kimataifa kuhusu watoto waliotumiwa na majeshi na makundi ya wapiganaji, ambazo hazimhesabu aliyeshika bunduki peke yake. Zinamtaja pia mpishi, mpagazi, mjumbe, mpelelezi, na msichana aliyechukuliwa kwa ajili ya ngono. Nikabadilisha swali: "Unamjua mtu aliyeishi na wapiganaji alipokuwa mdogo?" Ndani ya siku kumi nikapata wanawake sita. Mmoja aliniambia kwa simu, "Lakini mimi nilikuwa napika tu, kaka." Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alipika kwa miezi tisa.

Kwa anayefuata kazi hii: kabla hujanunua karatasi hata moja, angalia swali unalowauliza watu. Orodha yako itatoka humo.

Kuhusu umri, nilitaka kufuata miaka 15, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na ndiyo iliyotumika kumtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo, huko The Hague mwaka 2012. Lakini Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, basi. Nimeufuata huo. Ni wa kwetu, na hauniachii kazi ya kumwambia mtu aliyechukuliwa akiwa na miaka 16 kwamba yeye alikuwa mkubwa.

Jina la maonyesho lilikuwa "Kadogo". Ndivyo walivyoitwa watoto walioandamana na jeshi la waasi la Laurent-Désiré Kabila kutoka mashariki mpaka Kinshasa, mwaka 1996 na 1997. Nililiona zuri: neno la Kiswahili, fupi, lina historia. Nikaliandika kwenye karatasi ya mwaliko. Hapa Kigoma watu wakasoma "kadogo" wakafikiri ni maonyesho ya watoto wachanga. Hilo lingerekebishika kwa maelezo. Lisilorekebishika ni alichosema mmoja wa wale tisa, ambaye sasa ni fundi baiskeli. Aliishika ile karatasi muda mrefu, akanirudishia. "Hilo ndilo jina walilonipa wao," akasema. "Mama yangu alinipa lingine."

Nimelifuta. Jina jipya ni swali ninalomuuliza kila mtu nikishasalimia na kukaa: Tulicheza Wapi. Mialiko 100 imetupwa. Hasara yake niliilipa mfukoni, sikuiingiza kwenye bajeti.

15 Desemba 2024. Ridhaa

Safari ya Katavi na Tabora imekamilika, siku kumi na moja, shilingi 640,000. Nimepiga picha watu kumi na wanne. Kazi ya kamera haikunipa shida. Kilichonishinda ni fomu.

Niliandaa fomu ya ukurasa mmoja, Kiswahili cha kisheria, mtu anasaini mara moja baada ya picha. Watu walisaini bila kusoma, kwa heshima tu, kwa kuwa nimekuja mbali na nimekunywa chai yao. Nilipokuwa Tabora nikapigiwa simu na mmoja wa watu wa Kigoma. Alikuwa amesaini wiki tatu nyuma. Mke wake hajui kwamba aliwahi kubeba silaha. Watoto hawajui. Hakujua aniambie nini, akawa anauliza habari za barabara. Mwishowe nikamuuliza mimi: "Kaka, tuitoe?" Akasema ndiyo, akakata simu.

Sasa ridhaa inaombwa mara tatu. Mara ya kwanza siku ya picha, kwa mazungumzo, na mtu haulizwi jibu siku hiyo hiyo. Mara ya pili anapoletewa picha iliyochapwa ikiwa na maelezo yake chini, asome au asomewe. Mara ya tatu wiki ya kutundika. Kujitoa hakuhitaji sababu, na nauli aliyopewa haidaiwi. Mpaka leo wamejitoa watatu. Ni picha nzuri zote, moja ndiyo niliyoipenda kuliko nyingine zote za safari. Zimefutwa kwenye kamera na kwenye kompyuta.

Hapa ndipo nilipoiacha pia picha ya kumbukumbu niliyotaka kuinunua, ya mtoto wa 1997 amebeba bunduki ndefu kumzidi. Wenye picha wako tayari kuuza. Lakini yule mtoto, kama yu hai, ana miaka arobaini hivi. Anaweza kuwa anauza samaki hapa Kibirizi. Sina njia ya kumuuliza hata mara moja, achilia mbali mara tatu.

30 Januari 2025. Goma

Mwenzangu wa Goma alikuwa aniletee picha tano za watoto wa zamani wa mjini kwake na chukudu zao, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayobeba viazi na makaa kutoka milimani. Watoto hutengeneza ndogo zao za kuchezea, na alikuwa amewapata watu wazima waliozihifadhi. Tulikubaliana achape huko, azitume kwa basi kupitia Rwanda.

Jumatatu ya tarehe 27 waasi wa M23 wameingia mjini. Uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa. Nilimpata jana usiku. Yuko salama na familia yake, maji hakuna. Nikamwambia aachane na picha. Yeye akasema mashine ya kuhifadhia mafaili ameificha ndani ya gunia la maharage, na atanitumia zile tano kwa simu mtandao ukikaa sawa, kwa sababu hana uhakika gunia litakuwepo kesho.

Sina cha kuongeza leo. Kazi imesimama.

22 Februari 2025. Picha ndogo kuliko nilivyotaka

Picha tano zimefika, kwa WhatsApp. Kwenye simu zinapendeza. Nilipozifungua kwenye kompyuta, upande mrefu una pikseli 1600 tu, kwa sababu WhatsApp hubana picha inapoituma. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, pikseli 1600 zinatoa sentimita 13 na nusu. A2 ina upande wa sentimita 59.4. Nilijaribu kuikuza moja kwa programu. Uso wa mtu ukawa kama umepakwa nta.

Nimekubali ziwe ndogo. Zitachapwa kwa sentimita 13, zitaachiwa ukuta mpana, na mtu atalazimika kusogea karibu. Nilizibandika tano ukutani sebuleni kwangu, nikamwona mdogo wangu anainama na kukaa mbele ya moja dakika nzima, jambo ambalo hakulifanya kwa zile kubwa. Zingefika A2 nisingejua hilo.

Kwa wengine wote waliobaki nimetoa agizo: tuma kama faili, usitume kama picha. Ukituma kama faili haibanwi.

19 Machi 2025. Agizo langu limeleta hatari

Agizo hilo lilikuwa sahihi kwa ubora, na baya kwa usalama. Picha ikitumwa kama faili inabaki na kila kitu kilichoandikwa ndani yake na simu: tarehe, saa, aina ya simu, na mahali ilipopigwa kwa vipimo vya GPS. Mtu anayenisaidia kupanga kurasa aligusa alama moja kwenye faili, ramani ikafunguka juu ya paa la nyumba ya mama mmoja ambaye niliahidi hatajulikana anakaa wapi. Faili hilo lilikuwa limepita kwenye simu nne.

Tulichofanya: tumezima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera za simu zote, tumesafisha taarifa hizo kwenye mafaili yote 31, tumefuta nakala za zamani simu kwa simu nikiwa nimekaa pembeni, kisha nikamwendea yule mama na kumweleza. Alinisikiliza. Akauliza kama naweza kumwonyesha mwanawe namna ya kuzima kwenye simu yake pia. Nilimwonyesha.

Tukio hilo lilinifanya nitilie shaka hata picha zenyewe. Nilichukua chapa kumi za awali, nikaenda kijiweni kwa waendesha bodaboda, nikauliza swali moja: "Hapa ni wapi?" Picha tatu walizitambua papo hapo. Moja kwa mwembe ulioinamia barabara, moja kwa rangi ya kibanda cha miamala, moja kwa tofali la dirisha la shule. Hakuna programu ingeniambia hilo. Picha hizo tatu nimezirudia, mikono na kitu cha kuchezea tu, nyuma yake mkeka.

Ndipo nilipopata picha ya gari la waya. Mtu wa miaka 38, aliyekulia Nyarugusu tangu kambi ilipokuwa mpya, nilimwomba anitengenezee gari alilokuwa akitengeneza utotoni. Waya wa uzio, magurudumu ya ndala iliyokatwa kwa wembe, ya bluu mbele na nyekundu nyuma. Alikunja kwa koleo bila kupima, vidole vinakumbuka. Nikadhani amemaliza, nikainua kamera. Akasema ngoja. Akakata waya mwingine mwembamba, mrefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, akausimamisha mbele kwenye boneti, ukawa unatikisika. Antena. Magari yote aliyoyafahamu alipokuwa mdogo yalikuwa ya mashirika na polisi, na yote yalikuwa na antena ndefu ya redio. "Lile lisilo na antena tulikuwa tunalicheka," akaniambia, "tunasema bado halijaisha."

26 Aprili 2025. Chapa za majaribio

Mchapaji ninayemwamini yuko Dar es Salaam. Chapa sita za kwanza zilisafiri kwa basi ndani ya bomba la karatasi ngumu, zikafika zimekunjika katikati, mbili zina unyevu. Sasa tunatumia bomba la plastiki la maji ya mvua, inchi nne, lenye vifuniko pande zote. Kipande cha mita moja kinatosha na kinarudi kutumika. Majaribio yote hayo 185,000.

Niliagiza pia fremu sita za vioo, 180,000. Ukumbi una madirisha makubwa upande wa ziwa. Saa nne asubuhi nikasimama mbele ya picha ya kwanza nikaona dirisha, ziwa, na mimi mwenyewe. Picha sikuiona. Nimeviacha vioo. Picha zinabandikwa kwenye bodi nyepesi, nyuma kuna vipande vya mbao za paini vinavyoziweka mbali na ukuta sentimita mbili ili hewa ipite. Mvua za mwezi huu zimekunja chapa zote zilizogusa ukuta moja kwa moja. Bodi na mbao 420,000.

18 Mei 2025. Jaribio na watazamaji

Niliwaalika watu kumi na wawili, watano kati yao watoto wa darasa la nne na wazazi wao. Siku hiyo moja imenipa mengi kuliko miezi miwili ya kupanga mezani.

Nilikuwa nimegawa ukumbi sehemu sita, kwa kufuata makosa sita makubwa dhidi ya watoto ambayo Umoja wa Mataifa huyafuatilia: kuua na kujeruhi, kuingiza jeshini, ukatili wa kingono, utekaji, kushambulia shule na hospitali, kuzuia misaada. Kwenye karatasi ulikuwa mpango safi. Ukutani haukusimama, kwa sababu mtu mmoja ana matatu ndani ya maisha yake, na picha ya mawe ya kuchezea haiingii kwenye hata moja. Nimevunja sehemu hizo. Sasa ukumbi unafuata majibu ya swali: mtoni, njiani, jikoni, kambini.

Picha zilikuwa zimetundikwa katikati yake ikiwa sentimita 150 kutoka sakafuni. Watoto walikuwa wanatazama juu kama wanaotazama ubao wa matangazo. Nimeshusha hadi 130, na picha ya mdako nimeilaza kwenye meza ya sentimita 45, mtu anachuchumaa. Hiyo ni ya mama wa Mishamo, aliyekuwa na miaka minane mwaka 1972. Walipokuwa wamejificha kichakani na dada zake, mama yao aliwatandikia kitenge wachezee kokoto juu yake, bila shimo, ili mawe yasigongane na ardhi yakasikika. Nimempiga mikono, kokoto tano, na kitenge.

Kijana mmoja anayejitolea alipendekeza tuweke sauti ya risasi kwa mbali, ili watu wahisi. Nilikataa, na nimemweleza kwa nini: watakaohisi zaidi ni wale ambao hawahitaji kukumbushwa.

Kubwa la siku hiyo lilikuwa hili. Baba mmoja, mgeni wa rafiki, alisimama mbele ya picha ya jikoni akaanza kutetemeka. Hapakuwa na kiti. Njia ya kutokea ilikuwa mbele, apite picha nyingine kumi na nne kwanza. Tulimshika mkono tukarudi naye kinyume, watu wakitupisha. Nimeona aibu sana. Sasa kuna mlango wa pembeni ulioachwa wazi, mkeka na viti uani, chai, na mshauri nasaha siku zote nane. Gharama yake 240,000, haikuwa kwenye bajeti. Ingepaswa kuwa mstari wa kwanza.

9 Juni 2025. Maelezo ya picha

Kila picha ina maneno yasiyozidi 40, ya mwenyewe aliyesimulia, bila jina. Nilimpa rafiki, mwalimu mzuri wa Kiswahili, asome makosa ya uchapaji. Alisahihisha kila kitu. Mtu wa Uvira aliyesema "Tulikuwaka tunacheza ku mto, mama anatuitaka, tunakataa" akageuka kuwa "Tulikuwa tukicheza mtoni, mama akituita tulikataa." Nilipompelekea kwa ridhaa ya pili, akasoma mara mbili akacheka kidogo. "Huyu si mimi. Huyu ni mwalimu."

Ana haki. Ile "-ka" ya mwisho ndiyo inayobeba habari yote: mama alikuwa akiita kila siku, nao wanakataa kila siku, mpaka siku ilipokuja asiite. Ukiiondoa, umebaki na jioni moja. Nimerudisha maneno yote yalivyotamkwa. Anayeyaona mageni atayasoma polepole.

Ridhaa ya tatu imemalizika jana, baada ya Idi. Amejitoa mmoja zaidi, chapa yake ilikuwa tayari. Nimempelekea mwenyewe mkononi.

12 Juni 2025. Imetundikwa

Picha 23: kubwa 18, ndogo tano za Goma. Matumizi yote: safari 640,000, majaribio 185,000, chapa kubwa 19 kwa 38,000 kila moja, 722,000, ndogo 15,000, bodi na mbao 420,000, vioo ambavyo havikutumika 180,000, taa 210,000, ukumbi siku nane 320,000, nauli na chakula cha wasimulizi 390,000, mshauri 240,000, mizigo 60,000. Jumla 3,382,000, yaani 382,000 zaidi ya bajeti. Kama ningejaribu ukumbi asubuhi na jioni kabla ya kuagiza vioo, na kama ningeanza na bomba la plastiki, karibu lote lingefunikwa.

Mwenzangu wa Goma hawezi kuja. Nimemtumia picha za ukuta wake. Amejibu kwamba ya tatu kutoka kushoto iko juu kidogo kuliko nyingine. Nimepima: milimita nane. Nimeishusha.

15 Juni 2025. Baada ya kufungua

Watu walikuwa wengi kuliko viti, na uani palitumika. Kumi kati ya wasimulizi walikuja. Wawili hawakujitambulisha, wakazunguka kama watazamaji wengine, nami sikuwasalimia mpaka waliponisalimia.

Karibu na picha ya mdako nilikuwa nimeweka kitenge halisi na kokoto tano. Mama wa Mishamo alifika na mjukuu wake. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia huku tayari anachuchumaa, akarusha jiwe la kwanza na kulidaka bila kutazama. Mjukuu akajaribu, likamtoka, likaanguka sakafuni kwenye saruji na kulia. Bibi akalisikiliza. Kisha akakunja kitenge kando, wakaendelea kucheza juu ya saruji tupu, kwa kelele zote, mpaka watoto wengine wakaja wakakaa.

Leo asubuhi nimehesabu kokoto, ziko nne. Nimeteremka ziwani kuokota ya tano kabla ya saa tatu, tunapofungua.